Bastola ndogo kiunoni: Mnunuzi wa mpunga ajiulize nini kabla ya kununua

UKIFIKA Bukene, wilayani Nzega, baada ya mpunga kupurwa na kukaushwa, utakuta biashara inayokwenda kwa fedha taslimu. Mkulima anataka kuhesabiwa mkononi gunia likiwa bado kwenye mizani. Mnunuzi naye, awe ametoka Tabora, Kahama au Mwanza, hana budi kuja na fedha hizo, kisha apande pikipiki aingie nazo vijijini.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mnunuzi anataka magunia 100, na siku hiyo gunia linauzwa Sh80,000. Anahitaji Sh8 milioni. Kwa noti za Sh10,000 hizo ni noti 800, yaani mabunda manane ya noti mia mia. Mabunda hayo hayafichiki kirahisi. Na wanaojua kuwa leo yuko njiani ni wengi kuliko anavyodhani: dalali, mwendesha bodaboda, wapakiaji, hata mhudumu wa nyumba ya wageni alikolala.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wadogo hufika mahali wakajiuliza: je, ninunue bastola ndogo niifiche kiunoni? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa mtu anayetaka kufuata sheria. Ni aina gani inayomfaa, ataibebaje siku nzima kwenye joto na vumbi, na je, kweli ndiyo dawa ya tatizo lake?

Somo la misafara

Wasiwasi wa mali njiani si mgeni katika nchi ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na kutoka hapo mingine ilielekea Ujiji na mingine kaskazini hadi Ziwa Victoria. Nguo, shanga na nyaya za shaba ndizo zilizokuwa fedha za wakati huo. Mtemi Mirambo, aliyefariki dunia mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa bunduki na vijana wa rugaruga, na kuanzia mwaka 1871 aliweza kuifunga njia ya Ujiji.

Wenye mali wa enzi hizo walikuwa na bunduki, lakini hawakutegemea bunduki ya mtu mmoja. Walisafiri kwa wingi, walitoka na kulala pamoja, na walilipa hongo kwa watemi ili wapite salama. Hata sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Wanyamwezi na Wasukuma kupambana na wezi wa mifugo, walifanikiwa kwa sababu kijiji kizima kiliitika yowe.

Mnunuzi wa leo ana upungufu mmoja mkubwa. Yuko peke yake juu ya pikipiki. Bastola haimwongezei mwenzake njiani.

Punguza mzigo kwanza

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria silaha, punguza kile unachokilinda. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za simu zikafuata, mkulima mwenye simu anaweza kulipwa bila noti kuguswa. Wakulima wengine hukataa kwa sababu ya makato ya kutoa. Zungumza nao, ukikubali kubeba makato hayo mwenyewe, gharama hiyo iingize kwenye bei ya gunia kama unavyoingiza gharama ya kamba na usafiri.

Pale ambapo taslimu haikwepeki, nunua kwa awamu. Badala ya kuingia na Sh8 milioni mara moja, ingia na milioni mbili, pakia, rudi. Mweleze wakala wa benki au wa simu mapema, siku moja au mbili kabla, ili awe na fedha za kutosha. Badilisha saa na njia. Nenda na mwenzako kwa pikipiki mbili. Usimwambie dalali siku wala saa utakayofika hadi uwe umefika.

Mfanyabiashara akishafanya yote hayo, huenda akagundua kuwa hahitaji tena bastola. Akibaki bado anaihitaji, basi aendelee kusoma.

Leseni haiazimwi

Silaha za kiraia nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Maombi huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa wanakokufahamu, kisha hupanda ngazi za juu kupitia kamati za ulinzi na usalama na Jeshi la Polisi. Mwombaji huangaliwa tabia yake, akili yake na uwezo wake wa kutumia silaha. Anza kwa kumwona ofisa wa polisi wa wilaya akueleze fomu na ada za wakati huo. Usilipe hata arbuni dukani kabla hujapata kibali.

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau ni kwamba leseni ni ya mtu aliyetajwa humo. Ukimtuma karani wako au mdogo wako akanunue mpunga Itobo, huwezi kumpa na bastola. Kama wewe mwenyewe huendi tena shambani na kazi yote hufanywa na vijana, bastola yako haitamlinda anayebeba fedha.

Aidha, jiepushe na silaha ya magendo inayouzwa kwa bei ya chini gizani. Hujui imetumika wapi kabla yako. Ikikamatwa kwako, wewe ndiye utakayeulizwa. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na mwenye karatasi zake safi hakuwa na la kuogopa.

Kuchagua: nyepesi, lakini si nyepesi mno

Wengi wanaotaka silaha ya kuficha huangukia kwenye rivolva ndogo, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo kwa kawaida huchukua risasi tano au sita. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Smith & Wesson ulioanza mwaka 1950, wenye risasi tano za kipimo cha .38 na mtutu wa inchi mbili hivi. Kampuni nyingine zimeiga umbo hilo.

Uzuri wake kwa mtu wa kijijini ni kwamba haina magazini. Risasi moja ikigoma, ukivuta tena kifyatulio silinda inaleta nyingine. Ubaya wake ni kwamba risasi ni chache, mtutu ni mfupi, na kifyatulio ni kizito, mara nyingi kama kuvuta kilo tano kwa kidole kimoja. Bila mazoezi utakosa hata kitu kilicho hatua chache mbele yako.

Angalia mambo manne. La kwanza ni uzito. Ya chuma tupu ina uzito wa gramu 550 hivi bila risasi. Yenye fremu ya aluminiamu hushuka hadi gramu 425 hivi. Ile nyepesi huchosha kidogo kiunoni lakini hurusha mkono zaidi inapofyatuliwa, na mtu asiyependa mrusho huo hukwepa mazoezi. Kwa mtu anayeanza, ile nzito kidogo ni afadhali.

La pili ni nyundo ya nyuma. Ikiwa imechomoza, hunasa kwenye shati wakati wa kutoa. Zipo zenye nyundo iliyofichwa ndani, na hizo ndizo zinazofaa mfukoni au chini ya nguo.

La tatu ni umri wa silaha. Rivolva nyingi za zamani hazina kizuizi cha ndani cha kuzuia nyundo isigonge risasi bastola inapoanguka. Ukiletewa ya zamani, muulize fundi wa silaha mwenye leseni. Kama haina kizuizi hicho, tundu lililo mbele ya nyundo huachwa tupu, na bastola ya risasi tano inabaki na nne.

La nne ni risasi. Ulizia kwenye duka lenye leseni kama kipimo hicho kinapatikana muda wote na kwa bei gani, kwa sababu utahitaji za mazoezi pia. Bei ya bastola bila hesabu ya risasi ni nusu ya hesabu.

Jaribu na pakiti ya chumvi

Kabla ya kununua, fanya jaribio lisilo na gharama. Chukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, ifunge vizuri kwa kitambaa, iweke kiunoni mahali unapotaka kuweka bastola. Vaa hivyo siku nzima ya mnada. Panda pikipiki, inama kwenye mizani, nyanyua gunia, kaa kwenye kiti cha mgahawa, ingia kwenye basi. Jioni utakuwa umejua. Kama mchana uliitoa ukaiacha kwenye begi, ndivyo utakavyofanya na bastola, na bastola iliyoachwa kwenye begi ni ya mwizi atakayeondoka na begi.

Mahali panapowafaa wengi ni kiunoni, upande wa mkono unaoutumia, nyuma kidogo ya nyonga. Hapo haichomi tumbo unapoinama. Siri iko kwenye mkanda: uwe mpana na mgumu, kwa sababu mkanda laini hulegea na silaha huning'inia. Ala nayo iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote na ishike bastola hata ukikimbia. Ala inayokaa ndani ya suruali huficha vizuri zaidi, ila mwambie fundi cherehani akuongezee inchi moja au mbili kiunoni.

Juu yake vaa shati la kuachia nje. Kaunda suti hufaa sana, na kitenge chenye maua huficha umbo kuliko shati jeupe linaloshika jasho. Usiishikeshike kila mara kuhakikisha ipo. Mkono wako ndio utakaowaonyesha watu. Kumbuka pia kwamba abiria akikushika kiuno kwenye pikipiki atajua umebeba nini.

Mfukoni inawezekana, mradi iwe ndani ya ala ya mfukoni na pasiwe na kitu kingine humo, si funguo wala sarafu. Kifundoni mwa mguu hakufai kwa mtu anayekanyaga majaruba. Katikati ya mgongo ni hatari, maana ukianguka na pikipiki utaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Kwa mwanamke anayevaa gauni, mshipi mgumu wa kitambaa wenye ala, unaofungwa ndani, ni salama kuliko mkoba unaoweza kunyakuliwa. Na kwa yeyote yule, fedha na silaha visikae kamwe katika mfuko mmoja.

Jasho na vumbi la kiangazi hula chuma. Kila jioni toa risasi, futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo sana. Nyumbani iwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo usining'inie ukutani wanapofika watoto. Usiiache kwenye pikipiki, hata kwa dakika tano. Ikipotea, kimbilia polisi saa hiyo hiyo.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Watu wa Tabora wanakumbuka tukio la Novemba 2006. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, marehemu Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, alishitakiwa kwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala jijini Dar es Salaam, katika mzozo wa barabarani. Shitaka lilianza kama la mauaji, likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Alifariki dunia Aprili 2008 kabla kesi haijaisha. Maisha ya dereva yalikwisha, na ya kiongozi yaligeuka, kwa jambo la foleni ya magari.

Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Deni lisilolipwa, ugomvi wa mizani au matusi ya mlevi si hatari ya namna hiyo. Anayebeba bastola analazimika kuwa mtu wa kwanza kuondoka kwenye ugomvi, na asiguse pombe siku aliyoibeba. Kama hujiamini katika hilo, fomu ya maombi iache mezani kwa ofisa.

Hata mwenye mazoezi, akivamiwa ghafla na watu watatu, busara mara nyingi ni kutoa fedha na kubaki hai. Mpunga wa msimu ujao utalimwa tena. Kwa hiyo mnunuzi wa Bukene aanze na hesabu hii: aandike ni kiasi gani cha taslimu anachoweza kukiondoa njiani msimu huu kwa simu, kwa benki na kwa kununua kwa awamu. Kinachobaki ndicho kitakachomwambia kama anahitaji bastola, au anahitaji tu mwenzake wa safari.