Mayai Yakizidi Nyumbani

Mkulima mwenye kuku 40 wa mayai, wakiwa na afya na kulishwa vizuri, huweza kupata kiasi cha mayai 30 kwa siku, yaani trei moja kamili. Wiki ikiisha, trei 7 zimepangwa pembeni mwa chumba zikimngoja mchuuzi. Mchuuzi akija, mayai hugeuka karo ya shule, sabuni na chakula cha kuku. Lakini mwezi wa Aprili, mvua ya masika inapoharibu njia, au mwezi wa Januari, watu wa mjini wakiwa wamekwisha kumaliza fedha zao, mchuuzi haji kabisa, au huja na bei ya kuaibisha. Ndipo mkulima ajikutapo na mayai 400 nyumbani naye hajui ayafanyeje, kwa maana yai si mahindi ya kutiwa ghalani likangoja mwaka.

Wengi hufanya moja katika mambo mawili. Wako wauzao kwa bei yoyote itajwayo mlangoni, hata kama haifikii gharama ya chakula cha kuku. Na wako wayawekayo kwa matumaini mpaka yamekuwa viza. Kuyala nyumbani hakuwajii moyoni. Jambo la kushangaza ni kwamba katika nyumba nyingi zenye kuku, yai ni fedha tu, si chakula, na mtoto wa karani anayenunua mayai dukani huyala mara nyingi zaidi kuliko mtoto wa mkulima ayaokotaye kila asubuhi.

Kabla ya kusema habari za jikoni, yafaa kusema jinsi ya kuyahifadhi, kwani mpishi hawezi kuliponya yai lililokwisha kuoza. Ganda la yai lina matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na juu yake pana utando mwembamba uzuiao vijidudu visiingie. Mwenye kuyaosha mayai yote siku yanapotagwa huuondoa utando huo kwa mkono wake mwenyewe. Yenye uchafu kidogo yafutwe kwa kitambaa kikavu. Yaliyochafuka sana yatumiwe kwanza. Yawekwe mahali penye baridi na kivuli, ncha iliyochongoka ikielekea chini, mbali na vitunguu na mafuta ya taa, maana yai hunyonya harufu. Katika nyanda za juu mayai mazuri hukaa wiki 2 au 3 namna hiyo. Mombasa, penye joto, haifai kuyategemea sana baada ya wiki moja. Tena, kuku watagao kwa ajili ya kuuza au kula hawahitaji jogoo. Yai lisilo na mbegu ya jogoo haliwezi kuanza kufanya kifaranga ndani yake penye joto, na kwa hiyo hudumu zaidi.

Kulijua yai la zamani si kazi ngumu. Litiwe katika bakuli la maji baridi. Likilala chini kwa ubavu, ni jipya. Likiinua upande mmoja au kusimama wima, limekaa siku nyingi, nalo lapaswa kuvunjwa peke yake katika kikombe na kunuswa kabla ya kuchanganywa na mengine. Likielea juu, litupwe. Sababu yake ni kwamba maji yaliyo ndani ya yai hutoka kidogo kidogo kwa yale matundu, hewa ikaingia mahali pake upande ule mnene. Tahadhari ya kulivunja peke yake si ya bure: yai moja viza laweza kuharibu mayai 11 mazuri na sukari iliyomo.

Sasa jikoni. Chakula kinachomaliza mayai mengi kwa mara moja, na ambacho watu wa bara wangefanya vema kujifunza kwa jirani zao wa pwani, ni mkate wa mayai. Huu hauna hamira wala mafuta ndani yake. Mayai 12 hupigwa pamoja na vikombe 2 vya sukari kwa mchapo wa waya, au kwa uma mbili zilizoshikwa pamoja, mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe, uwe mzito, na kuzidi mara tatu. Kazi hii yachukua dakika 20 au zaidi kwa mkono, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa kuwa huchoka mapema. Hewa iliyofungwa ndani ya povu hilo ndiyo peke yake itakayouinua mkate. Hakuna kitu kingine. Kisha vikombe 2 vya unga wa ngano uliochekechwa, pamoja na iliki iliyopondwa, hunyunyizwa na kuchanganywa kwa mwiko taratibu sana, bila kupiga tena, ili povu lisivunjike. Humiminwa katika sufuria mbili zilizopakwa samli, hufunikwa, huwekwa juu ya moto mdogo wa makaa, na makaa mengine hupaliwa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mkali kuliko wa chini. Baada ya nusu saa hivi kijiti safi hudungwa katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Mwenye haraka ya kufunua kabla ya wakati ataona mkate wake ukizama katikati.

Chakula cha pili ni mayai ya mchuzi, nacho kinafaa mayai ya wiki moja hivi kuliko yaliyotagwa leo. Yai jipya kabisa likichemshwa, ganda lake hung'ang'ania ute, nalo hutoka limechunika kama viazi vilivyomenywa gizani. Lililokaa siku kadha humenyeka vizuri. Kuchemsha nako kunategemea mahali. Ute huanza kuganda penye kiasi cha digrii 62, na kiini huganda kati ya digrii 65 na 70. Pwani maji huchemka penye digrii 100, na dakika 10 zatosha. Lakini Molo, ambako ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, maji huchemka penye kiasi cha digrii 92, na kwa hiyo yafaa kuongeza dakika 2 au 3. Mayai yakiiva yatiwe katika maji baridi mara moja. Yakichemshwa kupita kiasi, duara la kijani hutokea kuzunguka kiini. Hilo halina madhara, ila halipendezi machoni. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe vyekundu, vitiwe nyanya, kitunguu saumu, bizari na chumvi, kisha tui la nazi, au maziwa kwa mtu asiye na nazi, na mayai yaliyomenywa yaingie mwishoni. Mchuzi huu huliwa kwa wali, kwa chapati au kwa ugali, na mayai 8 hutosha watu wanne bila mtu kuulizia nyama.

Mwenye viazi vingi, kama walivyo wakulima wa Nyandarua, aviponde pamoja na kitunguu, pilipili na dania, afunike nusu ya yai la kuchemsha kwa viazi hivyo, achovye katika yai bichi lililopigwa, na kukaanga. Hivyo mayai yametumika ndani na nje. Chapati za maji nazo ni rahisi kwa kifungua kinywa cha watoto waendao shule: vikombe 2 vya unga wa ngano, mayai 4, chumvi kidogo, na maziwa au maji ya kutosha kuufanya mwepesi kama uji wa kunywa, humiminwa kidogo kidogo katika kikaango chenye mafuta machache. Waganda wamefanya biashara kubwa kwa kuviringisha mayai ya kukaanga ndani ya chapati ya kawaida na kuiita rolex, na Watanzania hukaanga mayai pamoja na vibanzi vya viazi na kuita chipsi mayai. Kijana aliye karibu na kituo cha matatu angeweza kuuza mayai ya mama yake kwa njia hiyo kwa faida kuliko ya trei.

Mwezi ule ule wa masika majani huwa mengi na maziwa nayo huzidi. Mayai 4, nusu lita ya maziwa na vijiko 4 vya sukari, vikichanganywa na kuchujwa, hufanya kastadi nzuri. Bakuli lisimamishwe katika sufuria yenye maji ya moto yasiyotokota, lifunikwe, liachwe kiasi cha dakika 40. Moto ukizidi, kastadi hukatika na kuwa kama maziwa yaliyoganda. Ama kunde, mnavu au sukuma wiki, mpishi akivunja mayai machache juu yake dakika za mwisho na kukoroga, mboga ile ya kila siku hubadilika kabisa.

Ziko nyumba ambamo mapishi haya yote yatafanyika vizuri, na bado yai halitafika kwa yule alihitajiye zaidi. Mahali pengine husemwa kwamba mtoto mdogo akilishwa mayai atachelewa kusema, na kwamba mama mjamzito akiyala, mtoto atakuwa mkubwa mno na kuzaliwa kwa shida. Mayai huachiwa wanaume na wageni. Hakuna ushahidi wowote wa mambo hayo, na hasara yake ni kubwa. Mwaka 1935, Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa uwapatao watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake, akauita kwashiorkor kwa jina la Waga wenyewe. Watoto wa namna hiyo hawakukosa kushiba. Walikosa chakula cha kujenga mwili, na mayai 2 yana kiasi cha gramu 12 za chakula hicho.

Yai si dawa ya miujiza, hata hivyo. Katika nchi ya Ecuador, mwaka 2015, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, nao wakawapita kwa urefu wenzao wasiopewa. Majaribio kama hayo yalipofanywa baadaye huko Malawi, tofauti hiyo ya urefu haikuonekana. Wengi wa watoto wale walikuwa tayari wakila samaki wa ziwani. Mwenye watoto walao uji mtupu na ugali kwa mboga ataona mwenyewe nyumba yake inafanana na ipi. Mtoto aliyefika miezi 6 huweza kupewa yai lililoiva kabisa, likipondwa katika uji au viazi. Yai bichi au lenye kiini cha majimaji asipewe mtoto wala mama mjamzito, kwa ajili ya vijidudu vya salmonela. Tena kuku wakiwa wametiliwa dawa katika maji, siku zilizoandikwa juu ya chupa zihesabiwe kwanza. Mayai ya siku hizo yasiuzwe wala yasiliwe.

Maganda yasitupwe. Yaokwe mpaka yawe makavu, yasagwe laini sana, na kuchanganywa na chakula cha kuku, kwa kuwa kuku atagaye kila siku anahitaji chokaa nyingi. Yasitolewe yangali vipande vikubwa, kuku wasije wakayatambua na kuanza kudonoa mayai yao wenyewe kiotani.