Kabla ya kununua mashine ya RO, jua maji yako yanaumwa nini

Wauzaji wa mashine za kusafisha maji wana kiini macho wanachokipenda. Wanaweka mezani glasi mbili, moja ya maji ya bomba lako, nyingine ya maji yaliyopita kwenye mashine yao, kisha wanatumbukiza kifaa chenye vyuma viwili viwili na kukichomeka kwenye umeme. Baada ya dakika chache maji ya bomba yamekuwa rangi ya kutu, machicha yanaelea. Yale mengine yametulia, hayana hata doa. Mwenye nyumba anashika kichwa: hiki ndicho tunachokunywa?

Hapana, sicho. Ile kutu imetoka kwenye vyuma vyenyewe. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazopitisha umeme, umeme unakula chuma, na chuma kinaishia majini. Maji ya mashine hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme, basi hakuna kinacholika. Ukitaka kumtoa muuzaji jasho, dondoshea chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi yake safi, umwambie arudie.

Hata hivyo, mchezo huo unaonyesha kazi hasa ya mashine ya RO, ambayo kwa jina la kitaalamu tunaiita osmosisi kinyume. Inaondoa vitu vilivyoyeyuka: chumvi, floraidi, naitreti, metali nzito. Tope lina chujio lake la bei ndogo. Vijidudu vinakufa kwa kuchemsha au kwa klorini. Vilivyoyeyuka ndivyo vinavyotushinda, maana ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na chumvi inabaki palepale, imekolea zaidi.

Osmosisi yenyewe umeiona jikoni. Vitunguu vya kachumbari ukivinyunyizia chumvi, muda si mrefu vinaogelea kwenye maji yao wenyewe. Maji yametoka ndani ya kitunguu, penye chumvi kidogo, yakapita kwenye ngozi nyembamba ya chembe zake kufuata chumvi iliyo nje. Mfaransa Jean-Antoine Nollet alilieleza jambo hili mwaka 1748 kwa kutumia kibofu cha mnyama. Likabaki suala la kuligeuza: ukisukuma maji ya chumvi kwa nguvu dhidi ya utando wa namna hiyo, maji yatarudi upande wa pili na chumvi itabaki nyuma. Shida ilikuwa utando. Za mwanzo zilipitisha maji tone kwa tone, hazina faida kwa mtu mwenye kiu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba mno juu ya mwili wenye matundumatundu, na maji yakaanza kutoka kwa kasi ya maana. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukapata mtambo uliotumia utando wa aina hiyo.

Neno la kushika hapo ni "kwa nguvu". Mashine ya chini ya sinki kwa kawaida inahitaji msukumo wa bar 3 au zaidi. Sasa fikiria simtanki lako limekaa juu ya mnara wa mita tatu. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1 hivi, kwa hiyo simtanki linakupa takriban bar 0.3, moja ya kumi ya kinachotakiwa. Ungelazimika kulipandisha hadi kimo cha jengo la ghorofa kumi. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi zinahitaji mashine yenye pampu yake, na pampu inataka umeme. Fundi asiyekuuliza maji yako yanatoka bombani moja kwa moja au yanashuka kutoka kwenye tanki, mshuku. Ukifunga mashine isiyo na pampu kwenye maji ya simtanki, itachuruzika siku nzima bila kujaza hata jagi.

Ndani ya mashine maji yanapita kwanza kwenye chujio la mchanga na tope, halafu kwenye mkaa maalumu, ndipo yafike kwenye utando. Mkaa haupo kwa ajili ya ladha tu. Utando wa siku hizi umetengenezwa kwa poliamaidi, na klorini ya maji ya mamlaka inaila. Mkaa ukichoka usipobadilishwa, klorini inapenya na kuharibu kifaa ghali kuliko vyote mle ndani. Watu wanaojibana kwa kuahirisha vichujio vya awali huishia kununua utando mpya.

Nani basi anaihitaji? Nikiulizwa, nitaanza na wakazi wa miteremko ya Mlima Meru. Maeneo kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, wilayani Arumeru, maji yanapita kwenye miamba ya volkano yenye floraidi nyingi, na yana kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeikamata floraidi na kuituliza chini. Isipokuwepo, floraidi inabaki imeyeyuka. Hali hiyo inafuata Bonde la Ufa hadi Nakuru na Naivasha nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuvumilia hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya kaskazini visingefaulu. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia, na kwa wengine kwenye mifupa iliyopinda.

Utando mzima hupunguza floraidi kwa asilimia 90 hadi 95 hivi. Maji ya miligramu 12 yatatoka yakiwa karibu na 1, na hapo umepona. Ya miligramu 30 yanaweza kubaki na zaidi ya kiwango hata mashine ikiwa mpya. Kwa hiyo peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kutoa pesa, si baada. Wapo pia watakaotosheka na kichujio cha mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi: hakitumii umeme wala hakimwagi maji, ila mkaa wake hushiba floraidi na lazima ubadilishwe.

Mwingine anayestahili ni mkazi wa pwani mwenye kisima cha maji chumvi. Aliyebaki, mwenye maji yasiyo na chumvi wala floraidi nyingi na hofu ya homa ya matumbo, achemshe tu. Utando unaweza kuzuia bakteria, lakini mpira mmoja ukilegea, au tenki dogo la kuhifadhia lisiposafishwa, vijidudu vinakuta maji yasiyo na klorini na kuzaliana humo kwa raha. Nchini India, mwaka 2019, mahakama maalumu ya mazingira iliitaka serikali ipige marufuku mashine hizi pale ambapo vilivyoyeyuka ni chini ya miligramu 500 kwa lita, kwa sababu ya maji ambayo mashine huyamwaga bure inaposafisha.

Maji hayo si kidogo. Kwa ndoo moja ya lita 20, mashine ya kawaida yaweza kumwaga ndoo tatu hadi tano, na zile mbovu hupita hapo. Kwa anayenunua maji kwa boza, hesabu inauma. Maji hayo si sumu: ukimwaga robo tatu, yanakuwa yamekolea kwa theluthi moja tu kuliko yalivyoingia. Yakinge kwa choo na kudeki, ila bustani ya mchicha usiimwagilie kama kisima kina chumvi.

Baada ya kufunga, nunua kalamu ya kupimia vilivyoyeyuka, ile wanayotembea nayo wauzaji. Haioni vijidudu, wala haijui floraidi na chumvi nyingine kwa majina, lakini inakupa ulinganisho. Yakiingia 800 yakatoka 50, utando u mzima. Siku yakitoka 160, unazuia asilimia 80 tu, na wakati wa kuubadilisha umefika. Ulimi hautakwambia, maana floraidi haina ladha.

Na kwa walio kaskazini, maji yakiwa machache waanze watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka, na maji hayo hayo ndiyo yapikiwe uji na maharage yao. Magadi ya kulainishia maharage yaache dukani: mengi ya yale yanayochimbwa kaskazini yana floraidi ya kutosha kurudisha sufuriani ile iliyoondolewa na mashine.