Fundi Aliyejificha Kwenye Mafuta

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Mmewahi kumwona mama akipasua kuku mnono? Hutoka bonge la mafuta ya njano, laini, linateleza vidoleni. Ukilitazama utadhani ni akiba tu, kama gunia la mahindi stoo linalongoja siku ya njaa. Kumbe mafuta ya mwilini mwetu yana fundi ndani.

Fundi huyo anaitwa aromatasi. Ni kimeng'enya, na kazi yake ni moja: kuchukua homoni za jamii ya kiume, ambazo hata sisi wanawake tunazo kidogo, na kuzigeuza kuwa estrojeni. Msichana akishabalehe, estrojeni yake nyingi hutoka kwenye ovari. Mimi bibi yenu hedhi ilishakoma, ovari zimestaafu. Fundi wa kwenye mafuta hastaafu. Mafuta yakizidi, naye huzidisha kazi.

Sasa, estrojeni huziambia seli za matiti na za ukuta wa mji wa mimba: gawanyikeni! Kugawanyika ni kunakili. Ukinakili ubao mara moja, hukosei. Nakili mara elfu. Mahali fulani utaruka herufi. Makosa ya namna hiyo yakirundikana pabaya, saratani huweza kuanza.

Kuna na insulini. Mwili uliozidiwa mafuta huanza kuwa kiziwi kwa insulini, basi kongosho huimwaga zaidi. Insulini hiyo nyingi nayo huchochea seli zigawanyike, tena hulifanya ini lipunguze protini inayoishika estrojeni isizurure ovyo.

Na nisimsikie mtu akimcheka shangazi yake. Wembamba nao huugua, na wanene wengi hawaugui saratani maisha yao yote.

Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow, Uskoti, alieleza jinsi saratani ya titi ilivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari. Estrojeni ilikuwa bado haijulikani; alishika mkia bila kumwona ng'ombe. Siku hizi wanawake waliokoma hedhi, wenye saratani ya titi inayotegemea homoni, hupewa vidonge. Kwenye boksi utasoma anastrozole au letrozole. Vidonge hivyo humshika fundi mikono. Kwa msichana, peke yake havifui dafu: ovari zake bado ziko kazini.