Jina la Washington na Mizizi Yake Uingereza

Jina la ukoo, yaani jina ambalo watoto hulirithi kwa baba yao na kuwaachia wana wao bila kubadilika, halikuwa desturi ya Waingereza wengi kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066. Na lilipoanza kuenea, lilitokana ama na kazi ya mtu, ama na jina la baba yake, ama na sifa ya umbo au tabia yake, ama na mahali alipomiliki ardhi. Majina ya mahali ndiyo yanayompa mtafiti wa nasaba matumaini makubwa, na ndiyo pia yanayompotosha kwa urahisi, kama inavyodhihirika katika ukoo wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani.

Kitabu cha Boldon, ambacho ni orodha ya ardhi na kodi iliyoandikwa mwaka 1183 kwa amri ya askofu wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, kinamtaja William wa Hertburn aliyeuacha mji wake wa Hertburn na kupewa Washington badala yake, kwa kodi ya paundi 4 na kwa sharti la kwenda na mbwa 4 katika msako mkuu wa askofu. Kwa kuwa jina wakati huo liliifuata ardhi, uzao wake ulikuja kuitwa kwa jina la makao mapya, hivyo mtafiti anayemtafuta baba wa William miongoni mwa watu wa Washington hawezi kumpata. Isitoshe, Uingereza ina kijiji kingine kiitwacho Washington, huko Sussex upande wa kusini.

Tawi moja la ukoo huo lilihamia kusini, na mwaka 1539 Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya wa Northampton, alinunua shamba la Sulgrave, lililokuwa mali ya watawa kabla ya Mfalme Henry wa Nane kuzifunga nyumba zao. Mwaka mmoja kabla ya hapo Thomas Cromwell, waziri wa mfalme huyo, alikuwa ameziamuru parokia zote kuandika ubatizo, ndoa na maziko katika rejista, na tangu hapo hata maskini asiye na ardhi wala kesi mahakamani aliweza kuacha alama katika maandishi.

George Washington mwenyewe hakuijua nasaba hiyo vizuri. Isaac Heard, mkuu wa watunza nembo za koo jijini London, alipomwandikia kuhusu asili yake, rais alijibu mwaka 1792 kwamba babu zake walitoka kaskazini mwa Uingereza, ila jimbo hasa halikumbuki. Heard aliamua kuwa John Washington, mmoja wa babu zake rais, aliyehamia Virginia katika miaka ya 1650, ndiye Sir John wa ukoo wa Sulgrave. Jina lilikuwa lilelile na ukoo ulikuwa uleule, lakini mwaka 1866 mtafiti wa nasaba Joseph Chester alithibitisha kwamba Sir John huyo hakuwa mhamiaji, bali alibaki Uingereza na wake wengine kabisa.

Ukweli uliletwa na mtafiti mwingine, Henry Waters, mwaka 1889, naye hakuupata kwa kulichunguza jina, bali kwa kusoma wosia. Andrew Knowling wa Tring, baba wa kambo wa Amphillis Washington, aliandika mwaka 1650 wosia unaowataja watoto wa Amphillis, wakiwamo John, Lawrence na Martha. Amphillis alipofariki mwaka 1655, mwanawe John aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Na wosia wa John wa Virginia, ulioandikwa mwaka 1675, unamwachia urithi dada yake Martha. Mume wa Amphillis alikuwa Lawrence, mchungaji wa Purleigh aliyenyang'anywa parokia yake mwaka 1643 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Sir John alikuwa ndugu yake: Heard alikosea kwa kizazi kimoja tu.

Martha, ambaye chati nyingi za nasaba zingemwacha kwa kuwa ni mwanamke, ndiye ushahidi wenye uzito mkubwa katika shauri hili. Anayeanza kufuatilia ukoo wa Kiingereza leo aandike kwanza majina ya dada, wajomba na baba wa kambo, kisha aende kwenye hati za wosia zilizothibitishwa na mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury, ambazo, hadi zile za mwaka 1858, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kew, London.