Mswada Ukisomwa na Wengi Hauibiwi

Kuweka mswada wazi kwenye intaneti hakumwondolei mwenyewe mali yake. Hata hivyo, maktaba ya chuo kikuu inapoomba ruhusa ya kupiga picha tenzi, barua na vitabu vya fiqhi vilivyohifadhiwa majumbani Kibokoni au Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, swali ni lile lile: "Zikishawekwa huko, si zitaibiwa?"

Swali hilo linachanganya mambo matatu. Karatasi ni mali ya aliye nayo, na kamera haiitoi sandukuni. Hakimiliki ni ya mtunzi na warithi wake; kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hudumu miaka 50 baada ya kwisha mwaka aliofariki. Ruhusa ya kusoma ni jambo la tatu, na hilo hupangwa kwa makubaliano. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840 hivi: mashairi yake hayana tena hakimiliki, yafungiwe kabatini yasifungiwe. Mshairi mwingine, Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, alifariki 2017: kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2067, na kuzitandaza bila idhini ya warithi ni kuvunja sheria.

Miswada ya pwani ilianza kuhama zamani, intaneti haijazaliwa. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari W. E. Taylor; makaratasi ya Taylor yako London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728 iko Hamburg. Kwa miongo mingi mtu wa Mombasa aliyetaka kuiona miswada hiyo ilimbidi apande ndege.

Anayenufaika na usiri ni mwizi mwenyewe. Mswada usio na picha, usio na namba ya katalogi, ukishauzwa haudaiki, kwa kuwa hakuna cha kuthibitisha ulitoka nyumba gani. Uliorekodiwa hadharani, kwa tarehe na jina la mwenyewe, hauuziki kwa urahisi.

Kisha kuna dawa inayopendwa mno: kugonga mhuri mkubwa juu ya picha ya kila ukurasa, au kuififisha picha makusudi. Dawa hii haina maana. Mingi ya miswada hii imeandikwa kwa herufi za Kiarabu; humo, katikati ya neno, b, t, n na y zote ni kijino kimoja chenye umbo lile lile. Kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, moja juu, mbili chini. Mhuri ukipita hapo, msomaji anabaki kubahatisha, na programu ya kompyuta ndiyo kabisa haiambulii kitu. Mwizi wa karatasi hajali nukta. Anayeumia ni mtafiti, na pengine mjukuu wa mwandishi mwenyewe.

Lamu wamekwisha kuonyesha njia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa Endangered Archives Programme. Picha zinasomwa bure, karatasi zimebaki Lamu.

Yanayowezekana ni haya. Kazi yenye hakimiliki: leseni ya Creative Commons BY humlazimu mtumiaji kumtaja mwenye kazi, BY-NC huzuia pia biashara. Kazi iliyokwisha hakimiliki: leseni haina nguvu, hivyo jina la nyumba liandikwe katika katalogi. Familia yenye wasiwasi: katalogi iwe wazi, picha zisomwe ndani ya maktaba tu. Talasimu, hati za ndoa na barua za siri: zisifunguliwe. Picha: TIFF kwa kuhifadhi, JPEG kwa kuonyesha. Kunukuu: programu huria ya Andika! hugeuza Kiswahili cha herufi za Kiarabu kuwa cha Kirumi, na kinyume chake. Makubaliano: yaandikwe kwa Kiswahili, yatiwe saini, na familia ikabidhiwe nakala kamili ya picha zote.