Sentimita Tatu Mbele ya Kiwavi: Kuchagua Lenzi Fupi ya Makro kwa Kazi za Ufipa

Kiwavijeshi vamizi ana alama mbili zinazomtenga na viwavi wengine wa mahindi. Usoni ana mchoro mweupe wa herufi Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili iliyo karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyokaa kimraba. Mdudu huyu alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, kisha akaripotiwa Tanzania mwaka 2017 na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kushambuliwa, alama hizo ndizo zilizoamua kama shamba limeingiliwa na mgeni au na kiwavijeshi wa siku zote. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita tatu hadi nne, lakini kichwa chake kina upana wa milimita tatu hivi. Picha ya haraka ya simu itakuonyesha kwamba kuna kiwavi. Ile Y huenda isionekane kabisa.

Kazi ya namna hiyo inahitaji lenzi ya makro, na mimi ninayeulizwa na maofisa ugani, walimu wa baiolojia na vijana wapenda picha wa Sumbawanga nina jibu ambalo si la kawaida. Washauri wengi wa mambo ya kamera husema nunua lenzi ya milimita 100 au 105. Mimi nasema kwa kazi nyingi za uwanda wa Ufipa, anza na lenzi fupi, ya milimita 30 hadi 60. Vitu vingi vinavyohitaji kupigwa picha kwa karibu huku juu havikimbii: kiwavi aliyejificha kwenye majani machanga ya katikati ya mhindi, doa la ugonjwa kwenye jani la haragwe, mbegu ya ulezi, okidi ya kwenye majani ya nyika. Kitu kisichokimbia hakikulazimishi kusimama mbali nacho.

Ipo sababu nyingine ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi peke yake shambani ataielewa mara moja. Mkono mmoja unashika jani na kulifungua, mwingine unashika kamera. Lenzi ya Nikon ya milimita 40, iliyotoka mwaka 2011 kwa ajili ya kamera za sensa ndogo, ina uzito wa gramu 235. Canon ya milimita 35 ya mwaka 2017 ni gramu 190. Ukiifunga mojawapo kwenye kamera ndogo unaweza kuiendesha kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika jani. Lenzi ya milimita 105 ni nzito na inahitaji mikono miwili, na hapo utamtafuta mtu wa kukushikia jani.

Sasa tuelewane kuhusu kipimo kimoja. Lenzi ya makro kamili ni ile inayofikia uwiano wa 1:1, yaani kitu cha milimita kumi kinachora taswira ya milimita kumi juu ya sensa. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa yenye upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa hiyo ukifika 1:1, upana wa picha yako yote ni kama milimita 23 za dunia halisi. Kwenye kamera ya megapikseli 24, kila milimita ya mdudu inapata takribani pikseli 250, na kichwa cha kiwavi chenye milimita tatu kinapata pikseli 750. Y inasomeka bila shida. Ukipiga kwa uwiano wa 1:2, pikseli hizo zinabaki nusu, na kwa kazi nyingi za utambuzi bado zinatosha. Urefu wa fokasi hauna nafasi katika hesabu hii: 1:1 ya lenzi ya milimita 35 na 1:1 ya lenzi ya milimita 100 zinatoa kiwavi wa ukubwa uleule.

Kinachobadilika ni nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu, na hapa wanunuzi wengi hupotea. Maelezo ya mtengenezaji hutaja umbali mfupi wa fokasi, nao hupimwa kuanzia kwenye sensa, ndani kabisa ya kamera. Ile Nikon ya milimita 40 inatajwa kuwa na sentimita 16.3. Ukiondoa unene wa kamera na urefu wa lenzi yenyewe, zinabaki kama sentimita tatu na nusu. Canon ya milimita 35 inatajwa sentimita 13, zinabaki kama tatu. Sony ya milimita 30 kwa kamera zisizo na kioo inatajwa sentimita 9.5, nazo zinazobaki hazifiki tatu. Canon ya milimita 60 iliyotoka mwaka 2005 inatajwa sentimita 20, na unapata kama tisa mbele ya kioo. Tofauti ya tatu na tisa ni kubwa sana ukiwa umeinama juu ya mmea.

Katika sentimita tatu, lenzi yenyewe huweka kivuli juu ya kitu unachokipiga. Jua la saa sita likiwa mgongoni, kivuli kinamfunika mdudu mzima. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kugeuka ili mwanga utoke ubavuni, kisha kuweka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga kwenye kivuli. Canon waliliona tatizo hili na wakaweka taa ndogo kuzunguka kioo cha mbele cha ile lenzi yao ya milimita 35. Kwa anayetumia Canon ya EF-S na ambaye kazi yake ni viwavi na majani, naipendekeza bila kusita. Kwa wengine wote, kama mfuko unaruhusu, milimita 60 ndiyo lenzi ninayoiona ya busara kuliko zote za kundi hili. Bado ni nyepesi, na zile sentimita tisa zinaondoa matatizo mengi ya kivuli.

Okidi ndizo zilizonifanya niipende lenzi fupi, na hapa naomba msomaji anivumilie nichukue nafasi. Nyika za nyanda za juu kusini, kuanzia Ufipa hadi Kitulo, hujaa maua ya porini masika yanapokolea. Miongoni mwake zimo okidi za ardhini za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, ambazo viazi vyake huchimbwa, hukaushwa na kusagwa, kisha hupikwa na unga wa karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika makala yao ya mwaka 2003 kwenye jarida la Oryx, walikadiria kwamba biashara hiyo kutoka Tanzania kwenda Zambia huenda ilifikia viazi milioni 4.1 kwa mwaka, na kwamba spishi zipatazo 85 zilikuwa hatarini. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nyika za Ufipa hazina hifadhi ya taifa ya maua ya namna hiyo, na kila mwaka jembe linazidi kuzisogelea.

Kiazi kilichokwisha kuingia kwenye gunia hakikuambii kilitoka kwenye ua gani. Ua likiwa bado limesimama linakuambia, mradi umepiga sehemu inayosema. Satyrium ina vimkia viwili vya nekta nyuma ya ua. Habenaria ina kimoja kinachotoka kwenye mdomo wa ua, na mara nyingi ni kirefu. Disa nayo kimkia chake hutoka kwenye sepali ya juu, ile inayoinama na kufunika ua. Picha ya mbele peke yake, hata ikiwa nzuri kiasi gani, inaficha vimkia hivyo, na mtaalamu wa mimea atakayeipokea hataweza kusema mengi. Piga ya mbele, ya ubavuni, kisha ya mmea mzima pamoja na majani yake. Kiazi kiache ardhini.

Kwa ua la namna hiyo hufiki hata 1:1. Uwiano wa 1:4 unatosha, na kwa lenzi ya milimita 40 hapo una zaidi ya sentimita kumi mbele ya kioo, kivuli si hoja tena. Faida ya lenzi fupi inaonekana hasa nyuma ya ua. Kwa uwiano uleule, lenzi ya milimita 40 inaona mandhari yenye upana wa karibu mara mbili na nusu ya ile inayoonwa na ya milimita 100. Lenzi ndefu inafuta nyika na kubakiza rangi ya kijani iliyovurugika, na wapiga picha wa mapambo huipenda kwa hilo. Lakini anayeweka kumbukumbu ya mimea anataka kujua kama ua lilisimama kwenye bonde oevu, kwenye mteremko wa mawe chini ya milima ya Mbizi, au kando ya shamba jipya. Mandhari ni sehemu ya taarifa, na lenzi fupi inaibeba ndani ya picha moja.

Niseme pia jambo linalorudiwa mara nyingi na si kweli. Watu husema lenzi fupi hutoa eneo kubwa zaidi lililo kwenye fokasi. Ukilinganisha kwa uwiano uleule wa ukuzaji na tundu la lenzi lilelile, kina cha eneo hilo karibu ni sawa kwa lenzi zote. Kwenye 1:1 na f/11, kina kinachoonekana kwa ukali hakifiki milimita moja. Kwenye 1:2 kinakaribia milimita tatu, na kwenye 1:4 kinakaribia tisa. Ndiyo maana nashauri usikimbilie 1:1 kila mara. Piga 1:2, kata picha baadaye, na utapata kichwa na kifua cha kiwavi vyote viwili vikiwa vikali. Kufunga tundu hadi f/22 hakusaidii, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima hulainika.

Upepo ni adui halisi wa uwanda huu, kuliko hata mwanga mdogo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 na nyika zake ziko wazi. Ua lenye shina refu halitulii. Ukiwa kwenye 1:1, kuyumba kwa milimita moja kunatosha kulitoa ua nje ya fokasi. Kifaa cha kutuliza picha kilichomo kwenye lenzi hupunguza mtikisiko wa mkono wako, ila shina linaloyumba hakiwezi kulisimamisha. Chomeka kijiti ardhini, funga kibanio cha nguo juu yake, bana shina chini ya ua bila kulivunja, na weka shata kwenye 1/250 ya sekunde au kasi zaidi. Kumbuka kwamba lenzi ya makro inapokaribia 1:1 hupoteza mwanga, zaidi ya hatua moja na mara nyingi karibu mbili, kwa hiyo usiogope kupandisha ISO.

Zipo kazi ambazo lenzi fupi haifai, na si chache. Kipepeo anayenyonya ua mchana hatakusubiri umsogelee kwa sentimita nne, wala kereng'ende wa kwenye vijito. Nzige yuko katikati. Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, linajulikana duniani kama mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu. Shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilianzishwa mwaka 1949 na makao yake yakawa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Nzige mchana anaruka. Alfajiri yenye baridi huwa mzito, na anayeamka mapema anaweza kumfikia hata kwa milimita 40 na kupiga ile nundu ndogo kati ya miguu ya mbele inayosaidia kumtambua. Kama wadudu warukao ndio kazi yako kuu, nunua milimita 90 au zaidi, na usitafute njia ya mkato.

Katika kununua, usiliamini neno makro lililochapwa kwenye lenzi. Lenzi nyingi za kuvuta huandikwa hivyo na huishia 1:3 au 1:4. Hata Canon RF ya milimita 35, ambayo ni lenzi nzuri, inaishia 1:2. Tazama mdomo wa kamera pia: Canon za EF-S haziingii kwenye kamera kubwa za EF, ingawa kwa adapta zinafanya kazi kwenye kamera mpya za RF. Kamera ndogo za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani ya milimita 60 ya aina ya D utaizungusha kwa mkono. Kwa makro hilo halinisumbui hata kidogo, kwani fokasi ya karibu huwekwa vizuri zaidi kwa mkono, ukisogea mbele na nyuma polepole, na bei ya lenzi hizo mara nyingi ni nafuu.

Kama fedha haijafika, nunua pete za kurefusha, zile zisizo na kioo ndani zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekewa pete za milimita 25 inafikia 1:2, inayotosha kabisa kwa ile Y ya kiwavi. Chagua zenye viunganishi vya umeme, vinginevyo tundu la lenzi hutaweza kulibadilisha.

Lenzi iliyotumika, hasa ukiagiza Kariakoo ikaja Sumbawanga kwa basi, ikaguliwe kabla ya fedha kutoka. Mwambie anayekununulia aivue vifuniko vyote viwili, aangaze tochi ya simu kutoka nyuma na kutazama mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zinazotambaa juu ya kioo ni ukungu, na unyevu wa masika utauendeleza. Lenzi hiyo aiache dukani.