Zege, Kemia na Ziwa: Mhandisi Anayehitajika Mwanza

Mto Mirongo hushuka kutoka kwenye vilima vya mawe, hukatiza katikati ya jiji la Mwanza, hupita chini ya madaraja na nyuma ya maduka, kisha huingia Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha, mto huo huzoa tope, mifuko ya plastiki na majitaka ya vyoo vilivyofurika mabondeni. Kilomita chache kutoka mdomo wake, kwenye rasi ya Capri Point, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza, MWAUWASA, huvuta maji ya ziwa hilohilo, huyasafisha na kuyarudisha majumbani.

Kuta za mto na madaraja yake ni kazi ya mhandisi ujenzi. Kilichomo ndani ya maji, na namna ya kukiondoa, ni kazi ya mhandisi wa mazingira. Lakini kuna vijana wanaoamua kuzibeba elimu zote mbili za kazi hizo: husoma shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi kwa miaka minne, kisha shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira. Kwa mji ulio ukingoni mwa ziwa, mchanganyiko huo una thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kihistoria fani hizi mbili zilitoka tumbo moja. Joto la kiangazi cha mwaka 1858 lilipoufanya Mto Thames unuke hadi shughuli za Bunge la Uingereza zikavurugika, aliyepewa kazi ya kuiokoa London alikuwa Joseph Bazalgette, mhandisi ujenzi. Alijenga mifereji mikubwa ya matofali iliyokusanya majitaka na kuyapeleka mashariki, chini ya jiji, ili maji ya kupwa yayachukue kuelekea baharini. Kipindupindu kilipungua. Hata hivyo, majitaka yenyewe hayakuwa yamesafishwa. Yalikuwa yamehamishwa tu. Usafishaji ulikuja baadaye, na taratibu ukazaa fani yenye kemia na biolojia yake, ingawa hadi leo vyuo vikuu vingi vya Marekani huweka uhandisi ujenzi na wa mazingira katika idara moja.

London ilikuwa na bahari ya kupokea uchafu wake. Mwanza haina.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hutoka kwa kugeuka mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja: Mto Nile, kule Jinja nchini Uganda. Mvuke haubebi fosforasi wala naitrojeni. Virutubisho vinavyoingia kutoka mashambani, viwandani na vyooni hubaki, vikarutubisha mwani na magugu maji, yale yaliyolivamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba bandari na mialo ya wavuvi katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mhandisi anayesanifu bomba la majitaka Mwanza hawezi kusema kazi yake imeishia pale bomba linapoishia. Hapo ndipo chanzo cha maji ya kunywa kinapoanzia.

Uhandisi ujenzi wenyewe umeshafanya makubwa katika ufukwe huu. Pale Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya ziwa husukumwa kupanda kilima na kusafirishwa hadi Shinyanga na Kahama katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Baadaye mtandao huo ukarefushwa kufika Nzega, Igunga na Tabora. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linalovuka Ghuba ya Mwanza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujifunza misingi ya kazi za namna hii: mwendo wa maji katika bomba na mfereji, tabia ya udongo, uimara wa zege na nondo, upimaji wa ardhi, makadirio ya gharama na usimamizi wa makandarasi.

Elimu hiyo haipitwi na wakati mtu anapohamia mazingira. Mtambo wa kusafisha maji, ukiuangalia vizuri, ni matangi ya zege, pampu, mabomba na vali. Mtu asiyeweza kukokotoa mgandamizo wa maji kwenye ukuta wa tangi, au kujua kama udongo wa ufukweni utalibeba tangi hilo, atabaki akitegemea hesabu za wengine.

Pengo hujitokeza upande wa pili. Chukua mtambo wa Butimba, uliozinduliwa mwaka 2023 kuongeza nguvu ya ule wa Capri Point, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kiasi hicho ni sawa na mita za ujazo 2,000 kwa saa. Sasa msomaji afikirie mtambo wowote wa ukubwa huo, unaotumia matangi ya kutuamisha uchafu. Tangi lina upana na urefu gani? Jibu halianzii kwenye zege. Linaanzia maabara, kwenye meza yenye bika sita zilizojazwa maji ya ziwa. Kila bika hutiwa shabu kwa kiasi tofauti, tuseme miligramu 10, 20, 30, hadi 60 kwa lita. Makasia madogo ya kukorogea huzunguka kwa kasi kwa dakika moja hivi, kisha polepole kwa robo saa au zaidi, kisha husimama. Chembe za uchafu zilizokuwa hazionekani huanza kushikamana na kuwa mabonge madogo, na mtaalamu hutazama ni bika ipi imetakata kwanza na mabonge yanazama kwa kasi gani.

Mabonge hayo yakizama mita moja kwa saa, mtambo wa mita za ujazo 2,000 kwa saa unahitaji matangi yenye eneo la angalau mita za mraba 2,000. Lakini maji yenye mwani mwingi hutoa mabonge mepesi. Yakizama nusu mita kwa saa, eneo linalohitajika ni mita za mraba 4,000. Kiumbe asiyeonekana kwa macho ameongeza maradufu zege, nondo na ardhi ya kununua, labda akamlazimisha msanifu aachane na kutuamisha na kutumia njia ya kuelea, ambapo viputo vya hewa huuinua mwani juu ukakwanguliwa. Mhandisi ujenzi aliyepewa tarakimu ya kasi bila kujua ilikotoka atajenga tangi imara lisilofanya kazi msimu wa mwani.

Mwani wa Ghuba ya Mwanza una jambo jingine. Miongoni mwake zimo sayanobakteria, na baadhi yake hutengeneza sumu ndani ya seli zao. Ukimwaga klorini nyingi mwanzoni mwa mtambo kwa nia njema ya kuua vijidudu, seli hupasuka na sumu humwagika ndani ya maji, mahali ambapo chujio la mchanga haliwezi kuinasa kirahisi. Klorini hiyo ikikutana na mabaki ya mimea na mwani huzalisha pia kemikali zisizotakiwa katika maji ya kunywa. Mpangilio sahihi ni kuziondoa seli zikiwa nzima kwanza, kisha kutia dawa. Haya ni masomo ya uzamili: kemia ya maji, mikrobiolojia, na mwenendo wa mitambo ya kusafishia.

Mahali ambapo elimu hizi mbili haziwezi kabisa kutenganishwa ni vilimani. Mwanza ni jiji la mawe. Nyumba zimepanda juu ya majabali, njia kati yake ni za miguu, na gari la kunyonya majitaka halifiki. Kuchimba mtaro wa mita 3 kwenye mwamba kwa ajili ya bomba la kawaida ni gharama isiyobebeka. Suluhisho lililotumika katika baadhi ya maeneo hayo, yakiwemo Igogo na Kilimahewa, ni mfumo rahisi wa majitaka uliobuniwa katika jiji la Natal nchini Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1980: mabomba membamba, ya milimita 100 hivi, yanayolazwa kina kifupi, yakipita uani na kwenye vichochoro badala ya katikati ya barabara.

Bomba dogo haliwezi kufanya kazi kwa kubahatisha. Kanuni yake ni kwamba angalau mara moja kwa siku, maji yakiwa mengi asubuhi, yakwangue sakafu ya bomba kwa nguvu isiyopungua nyutoni moja kwa kila mita ya mraba, ili mchanga usitulie na kuziba. Kwenye miteremko ya Mwanza nguvu hiyo hupatikana bila pampu. Hapo mhandisi ujenzi ameshinda.

Kisha majitaka hufika chini, na hesabu inageuka. Uchafu wake hupimwa kwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuula kwa siku 5 kwenye joto la nyuzi 20. Mtu mmoja huzalisha takriban gramu 40 za BOD kwa siku; watu 10,000 huzalisha kilo 400. Mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Butuja wilayani Ilemela, hutegemea jua na mwani badala ya umeme: mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kuula uchafu. Kwa kanuni inayotumika sana ya Profesa Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds, hewa ikiwa nyuzi 25 hekta moja ya bwawa la aina hiyo hubeba kama kilo 350 za BOD kwa siku. Watu wetu 10,000 wanahitaji zaidi ya hekta moja. Likitanguliwa na bwawa la kina kirefu lisilo na oksijeni, ambalo hupunguza zaidi ya nusu ya mzigo, eneo hushuka chini ya nusu hekta. Ardhi ikiwa ghali, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mradi utajengwa au utabaki kwenye karatasi. Na mwishoni, maji yanayorudi ziwani yanatakiwa yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita.

Ufukwe una masharti mengine yanayovuka mipaka ya fani. Mtaro wenye mteremko hafifu huacha madimbwi, na madimbwi yenye majani ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa uliozoeleka mno Kanda ya Ziwa. Kina cha ziwa nacho hakitulii: kilipanda kwa zaidi ya mita 2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Mei 2020 kikavunja rekodi ya mwaka 1964. Chemba iliyojengwa karibu na maji hugeuka mlango wa ziwa kuingia kwenye mfumo wa majitaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 za kuacha wazi kando ya ziwa, na mwenye elimu zote mbili huziona mita hizo kama kipimo cha usanifu, si kikwazo cha kibali.

Uchumi nao umo. Mwishoni mwa mwaka 1997, kwa hofu ya kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Viwanda vya sangara vya Mwanza viliathirika. Usafi wa maji kwenye mwalo na kiwandani ulionekana wazi kuwa ajira za watu.

Njia hii imepitiwa na Watanzania kabla. Profesa Tolly Mbwette, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alianzia katika uhandisi ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifanya utafiti hapo, pamoja na Martin Wegelin kutoka Uswisi, juu ya machujio ya kokoto yanayopunguza tope kabla maji hayajafika kwenye chujio la mchanga. Baadaye, katika Imperial College London, alichunguza jinsi kitambaa kikitandikwa juu ya mchanga kinavyorefusha muda wa chujio kabla ya kusafishwa. Kokoto, kitambaa na mchanga ni vifaa vya fundi yeyote. Kilichohitajika ni mtu aliyeelewa pia kinachotokea kati ya punje na punje.

Kwa kijana wa sasa, milango ipo. Shahada ya uhandisi ujenzi inapatikana hadi Mwanza penyewe, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Uzamili wa maji na mazingira unapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, au IHE Delft nchini Uholanzi, ambako vizazi vya wahandisi wa maji wa Afrika Mashariki vimepita. Mpangilio wa kuanza na ujenzi una faida: mahesabu ya miundo ni magumu kuyafidia baadaye, wakati kemia na mikrobiolojia ya msingi vinaweza kujazwa kwa muhula mmoja wa bidii. Anayetoka shahada ya kwanza ya mazingira naye anaweza kuziba pengo lake, ila asitarajie uzamili pekee umfanye msanifu wa zege.

Jambo la kuzingatia ni usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mhitimu apate uzoefu wa kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka 3, kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo ikipatikana kabla ya uzamili, mwanafunzi huingia darasani akiwa ameshaona bomba likipasuka na mkandarasi akikosea mteremko, na maswali yake huwa ya kweli.

Kinachobaki ni mada ya utafiti, na Mwanza ina nyingi. Tope la vyoo vya shimo vilivyo juu ya majabali litashushwaje na kutibiwa wapi? Shabu kiasi gani inahitajika kila mwezi wa mwaka katika maji ya Ghuba? Mabwawa ya majitaka yanabakiza fosforasi kiasi gani kabla ya kuyaachia maji? Tasnifu inayojibu moja ya maswali haya kwa vipimo vya mwaka mzima, ikaambatanishwa na michoro na makadirio ya gharama, inaweza kuingia moja kwa moja katika mpango wa uwekezaji wa mamlaka ya maji. Mtu wa kuiandika ni yule anayeweza kushika bika asubuhi na kusoma mchoro wa nondo mchana.